Magwanda hayatoi ushahidi: "Der lachende Mann" ikitazamwa kutoka Maniema

Wandugu, safari hii nataka tuongee juu ya filamu moja ya zamani, na juu ya nguo. Filamu yenyewe inaitwa "Der lachende Mann", maana yake "Mtu Anayecheka". Waliitengeneza Walter Heynowski na Gerhard Scheumann wa Ujerumani Mashariki, na ikaonyeshwa kwenye televisheni ya kwao mwanzoni mwa 1966. Wengi wetu hatukuwepo, na wazazi wa wengine wetu walikuwa bado hawajazaliwa. Lakini filamu inahusu Congo yetu, na mara nyingi anayeandika juu ya mamluki wa 1964 anaitaja kama kazi kubwa kupita zote. Mimi naikubali nusu. Ile nusu ya pili njo nataka kuieleza hapa.

Nianze na sifa, maana zipo. Mtu anayecheka ni Siegfried Müller, Mjerumani aliyezaliwa 1920, aliyepigana katika jeshi la Hitler, halafu 1964 akaja Congo kama mamluki na kuongoza Kommando 52 ndani ya Kikosi cha 5 cha Mike Hoare. Wale waandishi wawili walimkalisha Munich mwaka 1965, mbele ya kamera. Amevaa mavazi yake ya vita, kifuani ameweka Msalaba wa Chuma alioupata mwisho wa vita vya Hitler. Wakamwekea pombe, Pernod, wakamuuliza maswali kwa sauti ya upole. Hawakumwambia wanatoka upande gani wa Ujerumani. Naye akafunguka, akaeleza, akacheka. Hakuna anayemtukana na hakuna muziki wa kumlaani. Zinaingizwa picha zilizopigwa huku Congo, halafu uso wake unarudi, bado anacheka. Ukimaliza kutazama hauhitaji mtu wa kukuambia umeona nini. Mtu amejihukumu kwa mdomo wake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mafundi, na sisi tunaojifunza kuhoji watu kwa ajili ya TFC na memwari tungeiangalia mara mbili.

Sasa ile nusu nyingine.

Kosa la kwanza ni rahisi kuliona. Filamu inazidi saa moja, inahusu nchi yetu, lakini sisi tumo ndani kama picha tu: mfungwa, maiti, kijana aliyefungwa kamba. Hatumo kama watu wenye jina na neno la kusema. Müller ana jina, ana historia, ana hata ucheshi wake. Aliyeuawa hana hata kijiji. Unaweza kujibu kwamba filamu ilikuwa juu ya muuaji, si juu ya waliouawa. Sawa. Lakini ndiyo njia ileile iliyofuatwa na wengi baadaye, mpaka leo: mgeni anasimulia na mwenyeji anaonyeshwa.

Kosa la pili limejificha zaidi, na mimi njo naliona kubwa. Hoja yote ya filamu imeshonwa kwenye nguo. Yale magwanda na ule msalaba vinakuambia: Mjerumani huyu wa Congo ni yuleyule wa 1945, angalia kifua chake. Kwa Müller hoja inasimama, kwa sababu nguo ile ina mwenyewe. Amekaa ndani yake, anasema jina lake, anasema cheo chake, medali ilitolewa kwake. Lakini filamu inamwachia mtazamaji fundisho moja la hatari, kwamba ukiona vazi umeshamjua mtu. Fundisho hilo, ukilileta Maniema, linaua.

Hapa tuache ushairi, tuangalie namna magwanda yanavyotembea duniani.

Jeshi kubwa likibadilisha mtindo wa sare, zile za zamani zinabaki ghalani kwa maelfu. Haziwezi kutupwa zote, na kuzitunza ni gharama. Kwa hiyo zinauzwa kwa jumla, kwa bei ya chini, kwa wafanyabiashara. Hao nao wanaziuza kwa wawindaji, kwa wanafunzi wa Ulaya wanaotafuta koti la bei nafuu, na kwa majeshi yasiyo na kiwanda: waasi, mamluki, serikali changa. Ni mitumba, tofauti tu ni kwamba hii ni ya vita. Tena usisahau kwamba bunduki ina namba iliyochongwa kwenye chuma. Shati lina saizi tu.

Mfano wa kwanza unatoka Ufaransa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 askari wao wa miamvuli walivaa magwanda yenye michirizi ya kijani na kahawia. Wenyewe waliyaita "chui", ingawa ukiyatazama vizuri hayana madoa ya chui hata kidogo. Waliyavaa Indochina, wakayavaa Algeria. Vita vya Algeria vilipokwisha, 1962, mtindo huo ukaondolewa jeshini. Lakini nguo haikufa. Ureno ikatengeneza mfano wake na kuuvaa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na hata kabla ya hapo, baadhi ya maofisa wa Kifaransa waliotoka Algeria, kama Roger Faulques, walikuwa wamefika Katanga kwa Moïse Tshombe, na magwanda ya "chui" yakaonekana huko. Nguo ya vita vya mtu mwingine imekuwa nguo ya vita vyetu.

Mfano wa pili njo unanifanya niirudie filamu. Jeshi la Ujerumani Mashariki, nchi ileile iliyotengeneza "Der lachende Mann", lilikuwa na magwanda yake tangu katikati ya miaka ya 1960: kitambaa cha kijivu chenye kijani, na juu yake vistari vifupi vya kahawia vinavyoshuka wima. Ukiyaona kwa mbali unafikiri mvua inanyesha kwenye nguo. Jeshi hilo lilivunjwa tarehe 2 Oktoba 1990, siku moja kabla ya Ujerumani mbili kuungana. Sasa shika tarehe ya pili: 1 Oktoba 1990, RPF inavuka mpaka kutoka Uganda kuingia Rwanda. Siku moja tu kati ya vita kuanza huku na jeshi kufungwa kule. Halafu fungua picha za wapiganaji wa RPF, hasa zile za 1994. Utaziona zile nguo za mvua, za Ujerumani Mashariki, kwenye vilima vya Rwanda.

Sisemi kwamba Ujerumani Mashariki ilipigana Rwanda. Nchi yenyewe ilikuwa haipo tena. Njo maana yangu hasa. Nchi iliyomcheka Mjerumani aliyevaa sare Congo imekufa, na sare zake zimekuja Maziwa Makuu bila yeye, bila bendera, bila maelezo. Ingekuwa filamu, ungesema mwandishi amezidisha.

Angalia pia nini kiliandikwa na nini hakikuandikwa. Meli 39 za kivita za jeshi lile zilipouzwa Indonesia miaka ya mwanzo ya 1990, kulikuwa na mkataba, kulikuwa na mabishano, magazeti yaliandika. Vifaru navyo vilihesabiwa kimoja kimoja. Lakini ni nani alibishana juu ya shati na suruali? Nguo haipigi risasi, kwa hiyo nguo haina karatasi. Na bado ni nguo inayomwambia raia wa kijijini, kwa umbali wa mita mia mbili, akimbie au abaki.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 11 Novemba 1961 wanajeshi 13 wa anga wa Italia, wahudumu wa ndege mbili za Umoja wa Mataifa, waliuawa Kindu. Walikuwa wameleta vifaa kwa askari wa Malaya wa Umoja wa Mataifa waliokuwa pale. Askari wa jeshi la taifa waliokuwa Kindu wakawachukua kuwa paratruupa wa Kibelgiji, mamluki wa Tshombe. Ni weupe, wamevaa sare, wameshuka kutoka angani: kwa macho yenye hasira hayo yalitosha. Huko Pisa, mji walikotoka, kuna kaburi la heshima lenye jina la Kindu. Mji wetu unajulikana Italia kwa sababu ya macho yaliyosoma nguo na ngozi bila kuuliza jina.

Nayasema haya bila kuwatetea waliowaua. Mauaji ni mauaji. Lakini lazima tuelewe yalivyowezekana. Katanga ilikuwa kweli na mamluki weupe. Hofu ilikuwa na msingi. Kilichokosekana ni hatua moja kati ya hofu na risasi, yaani kuuliza: wewe nani, nani amekutuma?

Miaka mitatu baadaye hesabu ikapinduka. Julai 1964 Simba wakaichukua Kindu. Kommando 52 ya Müller ilifanya kazi zaidi upande wa Équateur, lakini wenzake wa Kikosi cha 5, pamoja na msafara wa Kanali Vandewalle wa Ubelgiji, wakaingia Kindu mwanzoni mwa Novemba wakielekea Stanleyville. Safari hii mamluki walikuwa upande wa serikali. Simba nao walivaa ngozi za wanyama na majani, na juu yake mashati waliyoyapora kwa jeshi la taifa. Kwa hiyo mama wa kijijini angeweza kuona shati moja, la jeshi moja, likivaliwa na pande mbili ndani ya mwaka mmoja. Mwambie huyo mama kwamba vazi linamtambulisha mtu.

Tukifika 1996 na 1997 mambo yanakuwa mazito zaidi. AFDL inaingia, na mwisho wa Februari 1997 Kindu inaanguka. Wazee wanakumbuka nini? Muulize yeyote: gamubuti. Kadogo waliovaa buti za mpira, wengine na shati la kijeshi, wengine na suruali ya kiraia. Mavazi ya kila rangi. Na wakati ule wote wakubwa walikuwa wanasema hii ni vita ya Wakongomani peke yao. Ilibidi tungoje Julai 1997, vita vimekwisha, ndipo Paul Kagame, wakati ule makamu wa rais na waziri wa ulinzi wa Rwanda, akaliambia gazeti la Washington Post kwamba jeshi lake lilipanga na kuongoza vita ile. Watu wa huku walikuwa wameshajua, lakini si kwa nguo. Walijua kwa lugha, kwa namna ya kutoa amri, kwa nani alikuwa anasikilizwa akizungumza. Nguo zilikuwa zinadanganya, masikio hayakudanganywa.

Hapo ndipo ninaposema jambo hili si la wakusanyaji wa sare za zamani. Umoja wa Mataifa ulipotoa Ripoti ya Mapping mwezi Oktoba 2010, ilihesabu matukio 617 ya ukatili kati ya Machi 1993 na Juni 2003, baada ya kusikiliza mashahidi zaidi ya 1,280. Maniema imo ndani. Fikiria ushahidi unavyotolewa: "Balikuja asubui, balikuwa na mavazi ya kijeshi." Mavazi gani? Ya madoadoa. Ya nani? Hapo shahidi ananyamaza, na mshitakiwa anapumua. Vazi lisilo na mwenyewe ni zawadi kubwa kwa muuaji. Mbele ya mahakama yoyote wakili wake atasema shati hilo liliuzwa sokoni Ulaya, lingeweza kuvaliwa na yeyote. Na hapo atakuwa anasema kweli.

Sheria yenyewe inajua nusu ya tatizo. Kanuni za Hague za 1907 zinakataza kutumia vibaya sare ya adui, na Itifaki ya kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza kuivaa wakati wa kushambulia. Ni vizuri. Lakini hiyo ni sare ya adui. Sare ya nchi iliyokufa, iliyonunuliwa kwa jumla? Hapo katazo hilo halikugusi. Sheria iliandikwa kwa ajili ya majeshi ambayo kila moja lina fundi wake wa nguo.

Na hapa, wandugu, sisi si mikono mitupu kiakili. Huku Kama tuko kwa Warega, na Warega walikuwa na mawazo yao juu ya vazi kabla ya mzungu kuleta sare. Katika bwami, kofia yenye mkia wa tembo haikuwa pambo la yeyote. Meno ya chui hayakuvaliwa na kila mwenye shingo. Ulipanda ngazi, ulifundishwa, ulitoa mali pamoja na ukoo wako, na ukifika kwa kindi ulivaa kitu ambacho watu wote walijua umekipataje. Ukifa, vitu vyako havikuuzwa kwa jumla. Vilipitia kwa jamaa, vikamfikia anayestahili, pamoja na kumbukumbu ya waliovishika kabla yake. Vazi lilirithiwa pamoja na deni. Aliyelivaa alijibu maswali ya aliyemtangulia.

Linganisha na ule "chui" wa Wafaransa. Au linganisha na Jean Schramme, mwenye mashamba Mbelgiji aliyegeuka mamluki, ambaye katikati ya miaka ya 1960 alijifanya mfalme mdogo hapa Maniema, huko Yumbi, akakiita kikosi chake Bataillon Léopard, mpaka akaasi na kushikilia Bukavu mwaka 1967. Baadaye, 1969, akatoa kitabu cha kumbukumbu chenye jina hilohilo, na chini yake akajiita Mwafrika mweupe. Chui aliyeokotwa bila ngazi yoyote, bila mwalimu, bila ukoo wa kumuuliza. Mimi kitabu kile nakisoma kama ushahidi wa mtu aliyedhani jina la mnyama linatosha kukufanya mwenyeji.

Na kuna uchungu mwingine. Wabelgiji waliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Vitu vyake vingi, vile vya pembe za tembo na vya miti, leo viko Tervuren na katika makusanyo ya Marekani, vimewekewa kioo, taa na maelezo marefu. Kwa hiyo mavazi yetu yenye majina yakaenda kwao, na mavazi yao yasiyo na majina yakaja kwetu. Kama kuna biashara mbaya kuliko hiyo, sijaiona.

Najua kuna wenzangu watasema ninazidisha. Soda maskini anavaa anachopewa, ameshukuru hata kupata suruali. Nguo ni nguo. Ni kweli, na simlaumu yeye. Lakini hoja hiyo inathibitisha yangu: kama anavaa chochote anachopewa, basi sisi hatuna haki ya kumhukumu kwa anachovaa. Haiwezekani useme nguo haina maana unapomtetea mtu, halafu useme inatosha unapomshitaki.

Na tunafanya hivyo kila siku, tukubali. Angalia kwenye simu zetu tangu Goma na Bukavu zichukuliwe mwaka 2025. Picha inaingia, mtu amevaa mabaka, na kabla ya dakika tano tumeshaandika chini yake taifa lake, kabila lake na dhambi zake. Sisi wenye diploma. Picha haina tarehe, haina mahali, aliyeipiga hajulikani, lakini mabaka yanatutosha. Wale wa 1961 walikuwa na hofu na hawakuwa na shule. Sisi tuna shule, tunakosa hatua ileile moja.

Kwa hiyo ninaposema "Der lachende Mann" ni kazi nzuri yenye kasoro, nasema pia somo gani tuchukue kwake na lipi tuliache. Tuchukue uvumilivu: walimkalisha mtu mmoja, wakamwita kwa jina, wakamwacha aseme mpaka mwisho. Tuache njia ya mkato ya vazi. Kwa wale mnaoandika TFC juu ya vita vya 1996 mpaka 2003 katika Maniema, mkifika kwa muzee au kwa mama aliyeona, msiishie kwenye "walivaa nini". Ulizeni walisema lugha gani kati yao, na lugha gani na ninyi. Nani alitoa amri, waliitanaje. Walikuja kwa mguu au kwa gari, kutoka njia gani, siku gani ya soko. Walilala wapi, walikula kwa nani, walilipa au walipora. Nani aliondoka nao na hakurudi. Andikeni na nguo pia, rangi yake na michoro yake, kwa uangalifu, kama dalili moja kati ya nyingi. Na jina la anayesimulia liwe salama, lakini jina la aliyekufa liandikwe, kama jamaa yake wanakubali.

Filamu ile ilimpa muuaji mmoja zaidi ya saa moja ya kucheka. Waliouawa Maniema hawajapata hata dakika yao, na mashahidi wao wanazeeka. Wamebaki wachache wanaoweza kusema 1964, na waliokuwa watu wazima 1997 sasa ni wazee. Kazi hiyo haihitaji kamera ya Munich. Inahitaji daftari, muda, na mtu anayejua kuuliza swali la pili.